Ukuta wenye chumvi upigwe lipu gani? Saruji, chokaa na lipu ya ukarabati kwa kulinganisha

Mtu mwenye ukuta unaotoa unga mweupe huanza kwa kuuliza lipu ipi ni ngumu zaidi. Kwa ukuta wa namna hiyo swali hilo linapotosha. Lipu ngumu kuliko zote mara nyingi ndiyo inayobanduka mapande kwa mapande, na ikibanduka huondoka na uso wa tofali lililo nyuma yake. Maswali ya kuanzia ni mawili: chumvi inatoka wapi, na unataka ikaukie wapi? Ukishayajibu, orodha ya lipu zinazokufaa hupungua yenyewe, na mara nyingine hubaki moja tu.

Hapa nalinganisha saruji, saruji iliyochanganywa na chokaa, chokaa tupu, chokaa ya haidroliki (inayokaza hata penye maji) pamoja na ile iliyotiwa pozolana (unga kama wa majivu ya volkano, unaoipa chokaa tabia hiyo), na lipu ya ukarabati yenye vinyweleo vingi. Udongo, jasi na lipu za akriliki nitazigusa tu, kwa kuwa uamuzi wake hauna ugumu.

Chumvi hufanya kazi yake maji yakiondoka

Chumvi iliyoyeyuka hupita na maji ndani ya vinyweleo vya lipu bila kelele. Kasheshe huanza maji yanapokauka. Maji huondoka kwa mvuke, chumvi hubaki nyuma, na yale maji machache yaliyosalia huzidi kukolea mpaka fuwele zinaanza kuota. Fuwele ikiota ndani ya kinyweleo chembamba husukuma kingo zake, na lipu, ambayo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, huchanika kutoka ndani.

Ukuta ukikauka polepole huku maji yakiendelea kufika usoni, fuwele huota nje. Unaona unga au manyoya meupe, unafagia kwa brashi kavu, maisha yanaendelea. Inachukiza macho, lakini ni nafuu kuliko hali ya pili. Uso ukiwa umezibwa, au upepo na jua vikikausha haraka kuliko maji yanavyofika, mahali pa kukaukia hurudi nyuma na fuwele huota ndani. Hapo huoni kitu kwa miezi. Kisha unagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, unasikia sauti ya kitu kilicho tupu ndani. Bandua gamba sehemu hiyo uligeuze: mgongoni mwake utakuta sindano nyeupe au unga laini, na tofali lililokuwa nyuma yake linachimbika kwa ukucha.

Chumvi zenyewe hazifanani. Kloridi ya sodiamu, ile chumvi ya kawaida, hufyonza unyevu wa hewa na kuyeyuka pale unyevu huo unapopita asilimia 75 hivi. Ukishuka chini ya hapo, inarudi kuwa fuwele. Kwa hiyo palipo na unyevu wa asilimia 85 usiku na 60 mchana, chumvi iliyo karibu na uso inaweza kuyeyuka na kuganda kila siku bila hata tone la mvua. Kloridi ya magnesi, ambayo nayo imo kwenye maji ya bahari, huyeyuka kuanzia asilimia 33 tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya ukuta uliozoea maji ya bahari kuonekana una jasho siku ambayo kila kitu kingine ni kikavu. Nitrati ya kalisi, inayopatikana sana karibu na mashimo ya choo na mazizi ya zamani, huanza kufyonza kwenye asilimia 50 na ushei.

Salfeti ya sodiamu ndiyo yenye fujo kuliko zote. Chini ya nyuzi 32.4 za Selsiasi hupenda kujiunga na molekuli 10 za maji, na fuwele yake ikiwa na maji hayo huchukua nafasi zaidi ya mara tatu ya ile kavu. Hatari kubwa huja ikiwa imekauka kabisa kisha ikaloweshwa tena, maana huyeyuka na kuota upya kwa kasi palepale ilipo. Maabara zimeichagua kwa sababu hiyohiyo: kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 12370, cha mawe ya ujenzi, huchovya jiwe kwenye maji ya salfeti ya sodiamu na kulikausha, mara 15, kuona litabaki na uzito gani.

Jua kwanza chumvi yako inatoka upande gani

Kuna chumvi inayokuja na upepo wa bahari, ikitua usoni mwa ukuta. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na matone madogo yanayorushwa na mawimbi hubebwa na upepo kuelekea bara. Kiasi hushuka haraka katika mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni. Kiwango cha ISO 9223, kilichotungwa kwa ajili ya kutu ya metali, kinaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo: daraja la chini kabisa ni miligramu 3 za kloridi au pungufu kwa kila mita ya mraba kwa siku, na daraja la juu ni kati ya 300 na 1,500. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja ikitazama maji na nyingine ikijificha nyuma yake, hazihitaji lipu moja.

Kuna chumvi inayopanda kutoka ardhini. Hii unaitambua kwa mstari: chini ukuta una doa la giza, juu kidogo kuna ukanda mweupe ambako rangi imevimba na kupasuka, na juu zaidi ukuta ni mzima. Ukanda huo ndipo maji yanapoishia kupanda na kuanza kukauka. Hapa salfeti na nitrati huwa nyingi, hata maili mia kutoka bahari yoyote.

Na kuna ile tunayoiingiza wenyewe: mchanga wa bahari usiooshwa, maji ya kisima chenye chumvi kwenye kukoroga, matofali yaliyochomwa vibaya, na hata saruji yenyewe, ambayo huja na sodiamu na potasiamu zake. Chumvi hii ndiyo rahisi kuepuka, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Lipu yoyote utakayoisoma hapa chini, ikikorogwa kwa mchanga wa ufukweni, imeshapoteza nusu ya maisha yake kabla fundi hajashika mwiko.

Jedwali hili ni la kushikia picha tu. Maelezo yaliyo chini yake yana masharti mengi ambayo jedwali haliwezi kuyabeba.

| Lipu | Chumvi ya upepo wa bahari | Chumvi inayopanda ardhini | Inavyokufa |
|---|---|---|---|
| Saruji na mchanga | Nzuri ukuta ukiwa mkavu na lipu haina nyufa | Mbaya | Hubanduka mapande, huharibu tofali |
| Saruji na chokaa | Nzuri | Ya wastani, chumvi ikiwa kidogo | Nyufa ndogo, kisha magamba |
| Chokaa tupu | Dhaifu ikipigwa na mawimbi au mvua ya mfululizo | Nzuri kama kafara | Humomonyoka kama mchanga |
| Chokaa ya haidroliki au yenye pozolana | Nzuri sana | Nzuri | Humomonyoka polepole |
| Lipu ya ukarabati | Si kazi yake kuu | Nzuri sana kwa muda | Vinyweleo hujaa, madoa hurudi |

Saruji na mchanga

Saruji ya Portland, iliyopewa hataza na Joseph Aspdin mwaka 1824, ilishinda kwa sababu hukaza haraka na haichagui sana hali ya hewa. Mafundi wanaijua, inapatikana, na ukuta ulionyooshwa kwa saruji unapendeza. Sitaki kuidharau. Kwenye ukuta mpya wa zege au matofali ya saruji, wenye msingi uliozuiliwa unyevu, ambao chumvi yake ni ile ya upepo tu, lipu ya saruji iliyokorogwa kwa kiasi na kumwagiliwa maji ipasavyo inaweza kudumu miongo.

Masharti hayo ndiyo yanayovunjwa. Kwanza fundi huongeza saruji akidhani anaongeza uimara. Mchanganyiko wa moja kwa tatu husinyaa unapokauka na kutoa nyufa nyembamba kama nywele. Maji ya mvua yenye chumvi huingia kwenye ufa kwa urahisi, lakini yakitaka kutoka hukuta lipu nzito isiyopitisha mvuke wa kutosha. Kila mvua huongeza kidogo, na nyuma ya lipu panageuka ghala la chumvi.

Ukuta wenye unyevu unaopanda ukipigwa saruji, hali huwa mbaya zaidi. Maji yaliyokuwa yakikaukia chini hayapati njia, basi yanapanda juu kutafuta pa kutokea, na ule ukanda mweupe unahamia sehemu iliyokuwa nzima. Mwenye nyumba anaona lipu mpya imefanya kazi kwa msimu mmoja au miwili, kisha anashangaa ugonjwa umehamia usawa wa dirisha.

Saruji ina udhaifu mwingine ambao ni wa kikemia, tofauti na msukumo wa fuwele. Salfeti zinazotoka ardhini huungana na aluminati, yaani madini yenye alumini yaliyomo kwenye saruji, na kutengeneza madini yanayovimba, etringaiti likiwa ndilo maarufu. Salfeti ya magnesi huenda mbali zaidi na kula ile gundi yenyewe inayoshika saruji. Ndiyo maana kuna saruji inayohimili salfeti, ambayo aluminati zake zimepunguzwa. Ni nyongeza ya maana, lakini watu huielewa visivyo: inazuia ule mvimbo wa kikemia tu. Fuwele za chumvi zikiota ndani ya vinyweleo hazijali saruji ni ya aina gani.

Na kama chini ya lipu kuna wavu wa chuma wa kawaida, kloridi zitaufikia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, na lipu hupasuka kufuata mistari ya wavu, mraba kwa mraba. Panapohitajika wavu tumia wa nyuzi za kioo zinazohimili alkali, au wa chuma cha pua.

Saruji iliyochanganywa na chokaa

Ukichukua sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga, unapata lipu laini mkononi, inayosinyaa kidogo na kupitisha mvuke vizuri kuliko ile ya saruji peke yake. Ukienda kwenye moja, mbili na tisa, inalegea zaidi. Kwa nyumba ya kawaida iliyo nyuma ya mstari wa kwanza wa ufukwe, ukuta mzima, msingi mkavu, mimi ningeishia hapa bila kuwaza sana.

Isipokuwa hii ni dawa ya katikati, na ina tabia za katikati. Bado ina saruji, kwa hiyo bado ina alkali na aluminati zake. Kwenye ukuta wa zamani uliojengwa kwa mawe na chokaa, uliojaa chumvi kwa vizazi, itachelewesha tatizo kuliko saruji tupu lakini haitalitatua.

Chokaa tupu

Chokaa iliyozimwa hukaza kwa kuvuta hewa ya kaboni dioksidi na kurudi kuwa jiwe la chokaa. Kazi hiyo huenda polepole, na inahitaji unyevu kidogo bila kujaa maji: kinyweleo kilichojaa maji hakipitishi hewa, na kilichokauka kabisa hakifanyi kazi. Ndiyo sababu lipu ya chokaa iliyopigwa mahali panaporushiwa maji ya bahari kila siku inaweza kukaa mwaka mzima ikiwa laini ndani.

Ikishakaza ni dhaifu, na udhaifu huo ndio faida yake. Haitavuta uso wa tofali, kwa kuwa tofali lina nguvu kuliko yenyewe. Hupitisha mvuke kwa wepesi, kwa hiyo maji ya ukutani huifikia na kukaukia ndani yake au usoni pake. Chumvi inaingia kwenye lipu, inaimomonyoa punje kwa punje, na baada ya miaka unaikwangua na kupiga nyingine. Ni lipu ya kafara: inaliwa yenyewe ili ukuta usiliwe. Kwa jengo la kale ambalo mawe yake hayana mbadala, sioni mjadala.

Kwa mwenye nyumba asiyetaka kusikia habari ya fundi kila baada ya miaka michache, mjadala upo. Salfeti ya sodiamu ikiwa nyingi, lipu ya chokaa tupu inaweza kuchakaa haraka mno, sakafu ikijaa unga kila wiki. Na pembe za nyumba zinazopigwa na mvua ya upepo huoshwa.

Chokaa ya haidroliki na pozolana

Kwa chumvi ya bahari hili ndilo kundi ninalolipa uzito mkubwa. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Naples, wakajenga ndani ya maji ya bahari, na baadhi ya kuta hizo za bandari bado zimesimama. Mwaka 1756 John Smeaton, akijiandaa kujenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone unaopigwa na mawimbi, alijaribu chokaa za aina nyingi na kugundua kwamba ile inayokaza majini hutoka kwenye mawe ya chokaa yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake. Mnara ulikamilika mwaka 1759.

Chokaa hii hukaza kwa njia mbili kwa pamoja: sehemu kwa maji, kama saruji, na sehemu kwa hewa, kama chokaa ya kawaida. Kwa hiyo haikwami ikiwa mahali pana unyevu, na bado hubaki na vinyweleo vya kupitisha mvuke. Madaraja ya Ulaya ya chokaa asilia ya haidroliki ni matatu, 2, 3.5 na 5, na namba hizo ni nguvu ya chini kabisa kwa megapaskali baada ya siku 28. Kwa lipu ya nje kwenye ukuta wa kawaida, 3.5 hutosha. Daraja la 5 niliachie sehemu zinazopigwa hasa na hali ya hewa, na tena juu ya ukuta mgumu unaoweza kuibeba.

Pasipopatikana chokaa hiyo, chokaa ya kawaida ikitiwa pozolana, iwe majivu ya volkano, unga wa matofali yaliyochomwa moto mdogo au kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) iliyookwa, hupata tabia inayokaribiana. Hapo kazi inategemea sana ubora wa hiyo pozolana na usagaji wake. Unga wa matofali ya kuokota jalalani huenda ukawa na salfeti zake mwenyewe.

Inaposhindwa, chokaa ya haidroliki hufa kiungwana. Humomonyoka usoni, taratibu, na unaweza kuiona ikienda. Kasoro yake kubwa ni mtu anayeipiga: inataka kumwagiliwa na kufunikwa siku za mwanzo, tabaka zake zisiwe nene, na asitie saruji kidogo "ili ikaze". Hiyo saruji kidogo ndiyo huharibu, kwani hukaza na kuziba kabla chokaa haijafanya sehemu yake.

Lipu ya ukarabati

Hii huja kwenye mfuko ikiwa imeshachanganywa, na imebuniwa mahsusi kwa ukuta uliojaa chumvi. Ujanja wake ni kwamba ina vinyweleo vingi sana huku ikiwa haifyonzi sana maji. Maelekezo ya WTA, chama cha wataalamu wa uhifadhi wa majengo chenye asili ya Ujerumani, yanataka lipu iliyokauka iwe na vinyweleo vinavyozidi asilimia 40 ya ujazo wake, na maji yasiipenye zaidi ya milimita 5. Maji ya ukutani yanapofika nyuma ya lipu hayawezi kusonga yakiwa maji; yanapita kama mvuke, na chumvi inabaki ndani kwenye nafasi kubwa ambazo fuwele zinaweza kuota bila kusukuma chochote. Uso unabaki mkavu na msafi.

Tazama pia nguvu yake. Kiwango cha EN 998-1 hugawa lipu kwa nguvu katika madaraja manne, kutoka CS I inayoanzia megapaskali 0.4 hadi CS IV ya megapaskali 6 na zaidi, na kwa lipu ya ukarabati kinataka CS II, yaani kati ya 1.5 na 5. Waandishi wa kiwango hicho wangeweza kudai daraja la juu. Hawakudai.

Ila ni ghala, na ghala hujaa. Kwenye ukuta ambao unyevu wake umekatwa, chumvi iliyobaki ni ile ile na ghala linaweza kutosha kwa muda mrefu sana. Kwenye ukuta ambao maji yanaendelea kupanda, kila mwezi huleta shehena nyingine na lipu itajaa mapema. Wanaouza huwa hawalisemi hili kwa sauti kubwa. Chumvi ikiwa nyingi sana, mfumo huwekwa tabaka mbili: la chini lenye vinyweleo vikubwa zaidi la kupokea chumvi, na la juu la kuzuia maji yasifike usoni. Unene wa jumla usipungue milimita 20. Fundi akiinyoosha mpaka milimita 8 ili mfuko ufike mbali, ameuza kitu kingine kabisa.

Kwa upepo wa bahari pekee, juu ya ukuta mkavu, kuitumia ni kupoteza. Haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Zilizobaki, kwa haraka

Jasi isitumike popote penye unyevu. Yenyewe ni salfeti ya kalisi, huyeyuka gramu 2 na zaidi kwa lita ya maji, na ikikutana na saruji yenye maji huanzisha ule mvimbo wa etringaiti. Ukiondoa lipu ya jasi iliyooza ili upige saruji, kwangua mpaka chembe ya mwisho.

Udongo ni kafara safi kwa kuta za ndani au zilizo chini ya paa refu: huvuta chumvi, hugeuka unga, huondolewa kwa brashi na kupigwa upya bila kuumiza chochote. Nje penye mvua haufai bila kinga.

Lipu za akriliki hutengeneza ngozi. Juu ya ukuta mkavu huzuia chumvi ya upepo vizuri kabisa. Juu ya ukuta wenye chumvi ndani, ngozi hiyo huvimba malengelenge na kuchanika. Dawa za kupaka za kufukuza maji nazo zina sheria hiyohiyo. Chumvi ikiwa imeshaingia nyuma ya dawa, maji yatakauka nyuma ya mstari wa dawa, na tabaka lote lililopakwa litadondoka kwa pamoja.

Hapo ndipo rangi inapoingia. Lipu ya chokaa iliyopigwa kwa ustadi kisha ikapakwa rangi ya plastiki haipumui tena, na mwenye nyumba ataitupia lawama chokaa. Paka chokaa, au rangi ya silikati, ambayo hushikana na madini ya lipu na kuacha mvuke upite.

Ningechagua vipi

Nyumba mpya inayotazama bahari, ukuta wa zege au matofali ya saruji, msingi una zuio la unyevu: saruji na chokaa, au chokaa ya haidroliki daraja la 5 ukipata fundi wake, mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, wavu usiwe wa chuma cha kawaida. Umbo la nyumba nalo lina sauti hapa. Paa linalotokeza na vizingiti vyenye kichirizi cha chini huzuia maji yasitiririke ukutani, na sehemu zilizo chini ya paa zioshwe kwa maji safi mara kwa mara, kwa sababu mvua haizifikii na chumvi hujilimbikiza hapo kuliko kwenye ukuta ulio wazi.

Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, chumvi ya bahari na ya ardhi kwa pamoja: chokaa ya haidroliki dhaifu au chokaa yenye pozolana, na moyo wa kukubali matengenezo. Kama jengo ni la thamani ya kihistoria, chokaa tupu.

Ukuta wa matofali wenye unyevu unaopanda, na unyevu huo unaweza kukatwa: ukate kwanza, kisha lipu ya ukarabati. Usiharakishe kati ya hatua hizo mbili. Kanuni ya mafundi ya kukadiria ukaukaji ni milimita 25 za unene wa ukuta kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa milimita 230 unadai miezi tisa. Lipu ya zamani iondolewe hadi sentimita 80 hivi juu ya mstari wa uharibifu, maungio yakwanguliwe sentimita 2 kwenda ndani, na kifusi chake kiondolewe siku hiyohiyo. Kikiachwa chini ya ukuta, mvua ya kwanza inairudisha chumvi ilikotoka.

Unyevu unaopanda ambao hauwezi kukatwa ndio mtihani. Wengi hukimbilia lipu ya ukarabati, lakini mimi ningepima kiasi cha chumvi kabla. Ikiwa nyingi, chokaa ya kafara ya kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa humgharimu mtu usumbufu mdogo kuliko mfumo wa tabaka mbili uliojaa kabla ya wakati wake. Ikiwa kidogo, lipu ya ukarabati itamtosha.

Upimaji wenyewe si wa kutisha. Toboa ukuta kwa drili kwenye kina cha sentimita 2, 5 na 10, kwa urefu tofauti kutoka sakafuni, kusanya unga wa kila tundu peke yake kwenye mfuko uliofungwa, peleka maabara wakupimie kloridi, nitrati na salfeti. Chumvi ikiwa imerundikana kwenye zile sentimita 2 za mwanzo, kuondoa lipu na kukwangua maungio kutaondoa sehemu kubwa ya tatizo. Ikiwa nyingi mpaka sentimita 10, ukuta utaendelea kuitoa kwa miaka, na lipu yoyote utakayochagua iwe ile ambayo hutasikitika kuibomoa. Jaribu kipande cha mita moja ya mraba kwanza, sehemu mbaya kuliko zote, ukipitishe msimu wa mvua na wa kiangazi kabla ya kupiga ukuta mzima. Na lipu yoyote ya nje ikomee sentimita 15 juu ya ardhi, isiguse udongo.